Hadithi 24, Wasimulizi 17: Kisa cha Mswada Mmoja wa Tukuyu Kabla ya Kwenda Mtamboni

Mwenye mswada ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi anayeishi katika kijiji kilicho jirani na mji wa Tukuyu, wilayani Rungwe. Kwa zaidi ya miaka kumi amekuwa akikusanya hadithi za wazee wa Rungwe na Busokelo, akiziandika kwa mkono katika madaftari ya mistari, na hatimaye akampa kijana wa steshenari azichape kwenye kompyuta. Aliponitafuta alikuwa na kurasa 151 zenye hadithi 24 kutoka kwa wasimulizi 17, akiba ya kiinua mgongo isiyozidi shilingi 3,000,000, na tarehe moja kichwani: kitabu kiwe kimetoka kabla ya Nane Nane, akakiuze katika viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya. Mimi ni mhariri wa kujitegemea na makazi yangu ni Mbeya mjini. Kisa hiki nakiandika kwa ridhaa yake, naye ameomba aitwe Mwalimu tu, kama anavyoitwa na kila mtu kijijini kwake.

Nimeona kisa chake kinafaa kuchambuliwa kwa kirefu kwa sababu kila mtu aliyeombwa ushauri kabla yangu alimzungumzia karatasi, jalada na bei ya nakala, na hakuna aliyemuuliza kama wale wazee 17 wanajua kwamba hadithi zao zinakwenda kuwa kitabu. Mwalimu mwenyewe alidhani wanajua. Walimwona akiandika, na walipomuuliza aliwajibu kuwa anahifadhi mila zisipotee. Kuhifadhi na kuuza ni mambo mawili, na sehemu kubwa ya maandalizi yetu ilikuwa kulipa deni lililotokana na kuyachanganya mambo hayo.

Kabla hajafika kwangu, Mwalimu alikuwa amemlipa wakala mmoja wa uchapaji shilingi 400,000 za awali. Aliamini kuwa fedha hizo zingegharimia uhariri, upangaji wa kurasa, jalada na namba ya kitabu. Baada ya miezi mitatu alirudishiwa sampuli moja iliyobanwa kwa pini, na ndani yake mswada ulikuwa vilevile alivyoupeleka, makosa kwa makosa. Sitamshutumu wakala huyo zaidi ya hapo, kwa kuwa karatasi waliyotiliana saini ilisema "uchapaji" na hakuna kingine kilichoandikwa. Tatizo ni kwamba watu wengi huku kwetu hutumia neno mchapishaji kwa kila mtu mwenye mashine. Mpigachapa hupokea faili na kukabidhi nakala. Mchapishaji ndiye anayeamua nini kiingie na nini kitoke, anayetafuta mhariri na msanifu, anayeomba namba, anayebeba hasara na anayejibu malalamiko. Anayechapisha kitabu chake mwenyewe amevaa kofia ya mchapishaji, apende asipende. Mwalimu alipolielewa hilo alikaa kimya kidogo, kisha akasema kwamba kumbe miezi mitatu yote alikuwa akimsubiri mtu ambaye ni yeye mwenyewe.

Sampuli ile, pamoja na ubaya wake, ilitufaa. Ukurasa wa 37 ulikuwa na wimbo wa Kinyakyusa ndani ya hadithi ya msichana aliyeachwa na wenzake mtoni, na katika mistari yake minne nilihesabu visanduku vitupu kumi na moja vilivyokaa mahali pa herufi. Kiswahili kina irabu tano, na Kinyakyusa kina saba. Wanaokiandika kwa makini huongeza i na u zenye mstari katikati, ɨ na ʉ, ili kutofautisha sauti ambazo mzawa huzisikia wazi na mgeni hazisikii kabisa. Mwalimu alikuwa ameziweka alama hizo kwa uangalifu mkubwa kwenye madaftari yake, na kijana wa steshenari alihangaika hadi akazipata kwenye kompyuta. Faili lilipofunguliwa kwenye mashine isiyokuwa na fonti hiyo, herufi zikapotea na visanduku vikabaki. Dawa yake ni rahisi kwa anayeijua: chagua fonti yenye herufi hizo tangu mwanzo, mpelekee mpigachapa faili la PDF ambalo fonti zimefungiwa ndani yake, usimpelekee faili la Word, na uombe sampuli ya kurasa zenye herufi ngumu kabla ya kurasa nyingine zote. Kitabu cha hadithi za Kihehe, Kibena au Kisafwa kinahitaji ukaguzi wa namna hiyo hata kama maandishi yake mengi ni ya Kiswahili, kwa sababu nyimbo, majina na miito huwa hazikubali kutafsiriwa.

Nilimwambia Mwalimu kwamba kabla sijagusa sentensi yoyote lazima turudi kwa wasimulizi tuwasomee. Hakupenda. Mvua zilikuwa bado zinanyesha, barabara za Busokelo wakati wa mvua anayezijua anazijua, na hesabu ya Nane Nane ilikuwa inamkimbiza. Alikubali tuanze na mmoja, mama wa zaidi ya miaka 80 ambaye hadithi nne kati ya zile 24 zilikuwa zake, ikiwemo ile ya ukurasa wa 37.

Tulimkuta jikoni akimenya ndizi za kupika, wajukuu wawili wakiwa kando ya moto. Mwalimu alimwamkia, akamweleza tulichofuata, akaketi kwenye kigoda na kuanza kusoma. Alikuwa akisoma Kiswahili kilichoandikwa na papo hapo akikirudisha katika Kinyakyusa. Mimi ni mzaliwa wa Njombe na Kinyakyusa nakisikia kwa shida, hivyo nilikuwa namtazama usoni yule mama. Mwalimu alipomaliza mistari minne ya wimbo na kuendelea na hadithi, mama aliinua mkono wenye kisu. "Mwalimu, hapo tunaitikia," alisema. "Mbona hujaandika kuitikia?" Mwalimu akamweleza kwamba wimbo ni ule ule, na kwamba mbele ameandika kwenye mabano kuwa wimbo unarudiwa, ili kupunguza kurasa. Mama akaweka kisu chini na kuimba. Wajukuu wakaitikia bila kuambiwa. Akasimulia kidogo, akaimba tena, sauti ikiwa juu zaidi, kwa sababu msichana sasa amevuka mto. Mara ya tatu amefika shambani kwao. Mara ya nne wajukuu walinyamaza wenyewe, na yule mama akaitikia peke yake kwa sauti nyingine, ya chini, kwa kuwa safari hii anayeitikia ni mama mzazi wa msichana, aliyetambua kuwa mwanawe yu hai.

Hadithi yote ilikuwa imejengwa juu ya badiliko hilo moja la mwitikiaji, na mabano ya Mwalimu yalikuwa yamelifuta. Yeye aliisikia hadithi hiyo tangu utotoni na aliitikia pamoja na wenzake, hivyo masikio yake yalijaza pengo kila alipousoma mswada wake. Msomaji wa Dodoma au Tanga asingekuwa na cha kujazia. Mimi pia, kama mhariri, nilikuwa nimeipita sehemu ile na kuona imekaa vizuri. Ndipo tulipoamua kwamba kila wimbo utaandikwa mara zote unapoimbwa, mstari wa mwimbishaji ukianzia kushoto na mwitikio ukiingizwa ndani kwa herufi za mlalo, na mahali mwitikiaji anapobadilika itajwe. Uamuzi huo uliongeza kurasa tano. Mwalimu hakulalamika tena kuhusu safari.

Kati ya wasimulizi 17, wanne walikuwa wameshafariki. Tuliwafikia wote 13 waliobaki, na kwa marehemu watatu tuliwapata watoto au ndugu wa karibu. Wengi walisahihisha mambo madogo: jina la mti, mnyama aliyegeuzwa kuwa mwingine, malafyale, yaani chifu, aliyehamishiwa upande usio wake wa mto. Mzee mmoja alinyamaza muda mrefu baada ya kusomewa. Hadithi yake ilihusu ugomvi wa koo mbili na kifo ambacho upande mmoja ulidai kimesababishwa na upande wa pili, na alikuwa amemsimulia Mwalimu usiku, msibani, miaka mingi iliyopita. "Nilikusimulia wewe, Mwalimu," alisema hatimaye. "Sikuwasimulia Mbeya yote."

Mwalimu alipendekeza tubadilishe majina, nami kwanza niliunga mkono, kwa sababu ilikuwa hadithi iliyoandikwa vizuri kuliko zote. Tulipoijaribu tuliona haiwezekani. Kilima kilikuwemo, kijito kilikuwemo, na ng'ombe aliyelipwa fidia alielezwa rangi yake, na mtu yeyote wa maeneo yale angezitambua koo zile kabla ya kufika ukurasa wa pili. Tungeondoa vyote hivyo, kingebaki kisa cha watu wasio na mahali. Watoto wa pande zote mbili bado wanapakana mashamba. Hadithi ilitolewa, na hata maelezo yake hapa nimeyapunguza kwa makusudi. Mzee huyo aliturudishia fadhila kwa kukubali hadithi yake nyingine, ya sungura, ibaki na jina lake kamili.

Upungufu wa hadithi hiyo ulizibwa mahali ambapo hatukupategemea. Mswada ulikuwa na simulizi kuhusu Ziwa Ngozi, lile ziwa la kreta lililo katika milima ya Uporoto, na nilipouliza msimulizi wake ni nani Mwalimu alitaja watu wawili: mzee wa upande wa Rungwe na mwingine wa Usafwani. Masimulizi yao yalipingana kuhusu nani alitangulia kufika ziwani na nani ana haki ya kulisemea, na Mwalimu, kwa nia njema kabisa, aliyaunganisha yakawa simulizi moja lililopatana. Nilimshauri ayatenganishe. Mkusanyaji hana mamlaka ya kuamua ugomvi wa namna hiyo kwa kuunganisha aya, na msomaji ananufaika zaidi akiyaona masimulizi mawili yamekaa kurasa zinazokabiliana. Kwa hiyo hadithi zikarudi kuwa 24.

Suala la ridhaa tuliliweka katika ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi, uliosomwa kwa sauti mbele ya shahidi, kisha msimulizi akatia saini au dole gumba. Ukurasa huo ulieleza hadithi ipi inachapwa, jina gani liandikwe, kwamba msimulizi atapata nakala mbili, na kwamba kuisoma redioni au kuiweka mtandaoni kutahitaji ridhaa nyingine. Lile la jina lilileta majibu tofauti kuliko nilivyotarajia: baadhi ya akina mama walitaka waandikwe kwa jina la mtoto wao wa kwanza kama wanavyoitwa kijijini, na mzee mmoja alitaka jina la baba yake liandikwe pamoja na lake, kwa kuwa yeye alipokea tu.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mwandishi haki juu ya maandishi yake tangu anapoyaandika, bila kusubiri cheti. Kusajili kwenye Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, kunamsaidia kuwa na ushahidi. Lakini sheria hiyo hiyo ina sehemu inayolinda kazi za jadi, zikiwemo ngano na nyimbo, na anayetaka kuzichapisha kwa lengo la kupata faida nje ya mazingira yake ya kimila anatakiwa kupata kibali cha Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA. Imeacha nafasi kwa mtunzi anayechota kutoka katika jadi ili abuni kazi yake mpya. Mwalimu alitaka kupita katika nafasi hiyo, na nilimwambia waziwazi kwamba haimfai, kwa sababu fahari yake yote ni kwamba hakubuni. Barua iliandikwa na kupelekwa pamoja na nakala ya mswada, na tulikubaliana kwamba faili halitakwenda kwa mpigachapa kabla ya majibu. Kwenye ukurasa wa hakimiliki tuliandika kwamba hadithi ni za jamii zilizozisimulia, na kwamba maandishi ya Kiswahili, maelezo na mpangilio ni kazi ya mkusanyaji. Sentensi hiyo ilituchukua jioni nzima, na ninaiona kuwa ya haki kuliko ile ya "haki zote zimehifadhiwa" iliyokuwemo awali, ambayo kwa maana yake halisi ingempokonya yule mama wimbo wake.

Namba ya kitabu, yaani ISBN, haikutusumbua. Hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, ina tarakimu 13, na jambo la kuangalia ni moja: iombwe kwa jina la mwenye kitabu. Wakala akiomba kwa jina lake, kumbukumbu zitasema yeye ndiye mchapishaji. Namba hiyo inatambulisha toleo na haithibitishi umiliki, na siku Mwalimu atakapotoa kitabu cha kusomea kwenye simu atahitaji namba nyingine. Kuhusu ndoto yake ya kuona kitabu kikitumika shuleni, nilimweleza kwamba hiyo ni njia nyingine yenye tathmini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na kwamba asiiweke katika hesabu za mauzo ya mwaka wa kwanza.

Hesabu zenyewe zilikuwa hivi. Mpigachapa mmoja wa Dar es Salaam alitaka shilingi 4,300 kwa nakala kama zingechapwa 1,000, na shilingi 7,200 kama zingechapwa 300, kwa sababu gharama ya kuandaa mtambo ni ile ile, na nakala zikiwa chache kila moja inabeba sehemu kubwa zaidi. Mwalimu aliitazama ile 4,300 na moyo wake ukaenda huko. Lakini nakala 1,000 ni shilingi 4,300,000, na alikuwa tayari kukopa SACCOS ili kujazia. Nilipinga kwa nguvu. Nakala isiyouzwa haina bei nafuu hata kidogo, na Tukuyu, inayopata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, si mahali pa kuhifadhi maboksi 20 ya karatasi chumbani.

Nakala 300 ni shilingi 2,160,000. Msanifu wa kurasa na mchoraji wa jalada walichukua 450,000, nauli za kuwarudia wasimulizi 110,000, na kusafirisha mzigo kutoka Dar es Salaam 80,000, uhariri sikumtoza. Jumla 2,800,000, yaani shilingi 9,333 kwa nakala. Hapo ndipo wengi huishia, wakaweka bei ya 15,000 na kujiona wana faida. Sisi tulikuwa na nakala 34 za wasimulizi na sita za maktaba na ofisi, zote za bure, kwa hiyo za kuuza zilibaki 260, na gharama halisi ya kila moja ikawa shilingi 10,769. Duka la vitabu likichukua asilimia 30 ya 15,000 linamwachia Mwalimu 10,500. Angepoteza shilingi 269 kwa kila kitabu kilichouzwa dukani, huku akishangilia kwamba kinauzika. Tulipanga bei ya 16,000, ambayo dukani inamwachia ziada ya 431 tu, lakini akiuza mwenyewe mkononi, nakala 175 zinarudisha fedha yote. Kwa hiyo mpango mzima wa mauzo ukajengwa juu ya hizo 175 za mkononi, na daftari likafunguliwa la watu walioahidi kununua, kila mmoja na namba yake ya simu.

Kuhusu umbo la kitabu nitasema machache. Tulichagua A5, karatasi ya gramu 80 na jalada la gramu 300, kwa gundi. Kurasa huchapwa kwa mafungu ya 16, na kwa kuwa mswada baada ya mabadiliko ulifika kurasa 153, mtambo ungetoa 160 na kutuachia saba nyeupe mwishoni. Nne zikawa faharasa ya maneno ya Kinyakyusa na Kisafwa, na tatu zikawa za wasimulizi: jina kama kila mmoja alivyotaka liandikwe, kijiji, na mwaka hadithi ilipoandikwa daftarini. Kurasa 160 ni karatasi 80, zenye unene wa karibu milimita nane, na msanifu alikuwa ametengeneza mgongo wa jalada wa milimita tano. Kama tusingepima, jina la kitabu lingeangukia pembeni.

Nane Nane ilipita bila kitabu. Mwalimu alihuzunika, nami nilihuzunika naye, kwa sababu mahali pale pangempa wanunuzi wengi kwa wiki moja. Lengo tumelihamishia Desemba, wakati wana wa Rungwe walioko Dar es Salaam, Dodoma na kwingineko wanaporudi nyumbani kwa sikukuu, na wengi wa walioandikwa kwenye daftari ni hao.

Jambo la mwisho kabla ya faili kuondoka lilikuwa lile jina lililobaki. Mmoja wa marehemu wanne hatukumpatia ndugu yeyote. Alikuwa mtu aliyehamia kijijini akiwa mtu mzima, hakuacha mtoto, na hadithi yake ni ya kurasa mbili tu. Mwalimu alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, akakusanya majirani watano waliomzika, akawasomea hadithi hiyo uani na kuuliza kama ipo sababu ya kutoichapa. Walisema hakuna, ila wakaomba iongezwe kwamba alikuwa akiisimulia wakati wa kupukuchua mahindi. Mstari huo uliingizwa mbele ya jina lake. Majibu ya BASATA yalikuwa yameshafika, na siku ya Jumanne, kwenye steshenari ile ile ya Tukuyu, tulifungua PDF, tukakagua wimbo wa ukurasa wa 37 herufi kwa herufi hadi mwitikio wa nne, kisha faili likatumwa.